Namba Chini ya Picha

Kompyuta yangu ina nyuso nyingi za marehemu kuliko za walio hai. Sisemi hivi nionewe huruma, ndiyo kazi ilivyo kwa mtu anayetengeneza machapisho hapa Haydom. Mji wetu umekua kwa kuizunguka hospitali. Watu wanashuka kwenye mabasi na wagonjwa wao, wengine wanapanda nao tena kurudi kwao, wengine wanakuja kwangu. Wanaingia wameshika simu, wananionyesha picha iliyopigwa harusini au siku ya kipaimara, wananiambia, "Dada, huyu wa katikati ndiye. Hawa wa pembeni watoe." Nami nawatoa wa pembeni. Nasafisha uso, naongeza mwanga machoni, nafifisha kingo za picha mpaka mtu aonekane anatokea mawinguni. Ratiba ya mazishi inatoka asubuhi yake, ibada inaanza saa nne.

Sina bosi. Chumba changu kiko nyuma ya duka la madaftari karibu na stendi, kina meza, printa moja inayonuna kila mvua ikinyesha, na kiti ambacho mteja akikikalia nasali kimoyomoyo kisivunjike. Kadi za michango ya harusi, mabango ya mikutano ya injili, stika za bodaboda, lebo za asali, vyote napokea. Kazi kubwa zinachapwa Arusha. Natuma faili, mzigo unarudi na basi ndani ya boksi lililofungwa kamba. Wapo wanaosema hii ni kazi ya kukaa tu. Basi waje wakae wao, tuone migongo yao itasemaje.

Mama wa kitunguu saumu aliingia mchana mmoja wa jua kali, kiroba begani, vumbi mpaka kwenye kope. Harufu ilimtangulia. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba mwanangu," akakaa kabla sijamkaribisha, maana alikuwa safarini tangu alfajiri, ametoka juu kabisa milimani upande wa Mbulu. Alikuwa mama mrefu, mwenye sauti ya chini, na umri wa kuitwa bibi na wajukuu wa watu. Akafungua kiroba. Vichwa vilikuwa vidogo, ganda lina michirizi ya zambarau, punje zimebanana kabisa. Akamenya moja akaniambia nitafune. Jamani! Machozi yalinitoka, pua zikafunguka, nikaanza kuhangaika kutafuta maji. Alicheka mpaka nikakihofia kile kiti.

Akanieleza shida yake. Yeye na mumewe wanalima kitunguu hicho kwenye shamba la mteremko. Ni mbegu ya ukoo wa mume, hawajawahi kuichanganya na ile minene ya sokoni isiyo na ukali. Kingine wanakausha darini, kingine wanasaga unga. Sasa kuna mwenye duka Arusha anayeuzia watu wanaopenda kujua chakula chao kimetoka wapi. Amekionja, amekipenda, ila anataka kije kwenye pakiti yenye lebo, na kipeperushi kidogo cha kueleza shamba.

"Na picha," mama akasema. "Anasema wateja wanataka kuona uso wa mkulima."

"Hilo jepesi, mama. Nitapanda huko niwapige wewe na baba mkiwa shambani."

"Siyo sisi."

Akatoa picha kwenye pindo la kitenge. Kijana amesimama katikati ya matuta, ameshika mafungu ya vitunguu mikono yote miwili, anacheka kitu ambacho hakimo kwenye picha. Amevaa shati la shule lililokatwa mikono. Nikauliza kama huyu ndiye mkulima. Akasema ni mwanawe wa mwisho.

Nikangoja. Kazi yangu imenifundisha kungoja. Mtu akitoa picha kwa namna ile, kutoka mahali pa kuficha, kinachofuata ni tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufariki. Mama hakutoa tarehe yoyote.

"Aliondoka," akasema.

Aligombana na baba yake wakati wa kupanda. Kijana alikuwa amechoka na jembe, alitaka sehemu ya mbegu iuzwe apate mtaji akajaribu maisha yake. Baba akaona mbegu ya babu zake inafanywa bidhaa ya kamari. Wakasemezana pale pale kwenye mtaro wa shamba, mbele ya majirani waliokuja kusaidia, na baba akamtamkia mwanawe maneno.

Mama hakuyarudia maneno yenyewe, nami sikuuliza. Aliyekulia huku anajua. Yapo maneno ya mzazi ambayo akishayatamka hayaishii hewani, yanaondoka na mtoto. Mchungaji anaweza kuombea, majirani wanaweza kusuluhisha, lakini wa kuyaondoa ni yule yule aliyeyasema, kwa mdomo wake mwenyewe, na mtoto ayasikie kwa masikio yake. Hutumi mtu. Kijana yule hakungoja hata jioni. Aliondoka na wanunuzi wa ng'ombe waliokuwa wanateremka kwenda Balangdalalu, na tangu siku hiyo simu yake haipatikani. Mmoja alisema yuko machimboni. Mwingine akasema amemwona Yaeda Chini, na mama akafunga safari, pikipiki mpaka njia ilipokataa, kisha miguu, akaenda kuonyeshwa kijana wa watu wengine kabisa.

"Sasa miguu yangu imechoka," akaniambia. "Lakini pakiti inatembea. Itafika nisikofika mimi. Siku akiona sura yake dukani, atajua nyumbani hatujamtupa."

Hapo ungesemaje wewe? Nilisema sawa, mama.

Nilipanda huko kupiga picha za shamba. Baridi ya kule haina adabu, inakuingia hadi kwenye meno, na ukungu ulikuwa umekaa juu ya matuta mpaka karibu na saa tano. Baba nilimkuta ameinama, amevaa koti zito, anachagua mbegu. "Shikamoo baba." "Marahaba." Basi, maongezi yakaishia hapo. Ni mzee mkavu, wa kusema neno moja pale ambapo wengine wanatumia kumi. Nilipiga picha mikono yake ikiachanisha punje, akaniacha nipige, hakunitazama hata mara moja.

Wakati wa chai ndipo alipozungumza, na alizungumza na mkewe, mimi nikiwa hapo hapo. Alisema hataki picha ya kijana kwenye pakiti. Aliyekwenda amekwenda. Zamani, akasema, nyumba iliyofiwa na mtoto ilikaa kando, hawaendi kwa watu na watu hawaji kula kwao, mpaka wakati wake utimie warudi kwa wenzao. Siku hizi kanisa limelegeza hayo. Lakini nyumba yake imekaa kando bila mtu kuiambia ikae, na hakuna wa kuiambia itoke.

"Tuna msiba usio na mwanzo," akasema. "Utaishaje? Tufanye ibada, tulie, tumalize."

"Ibada ya mtu mzima?" mama akamjibu. "Mtoto akinyea kiganja hakikatwi. Wewe umekata mpaka kiwiko."

Nikainamia kikombe changu. Mzee hakupandisha sauti. Akatoa neno lake la mwisho: pakiti zichapwe hivyo anavyotaka mkewe, mara moja tu. Zikiisha zote na hakuna habari, ibada inafanyika na hakuna mtu atakayelitaja tena jambo hili. Mama akasema sawa, zikiisha. Alipokuwa ananisindikiza kwenye pikipiki akanishika mkono, akaangalia nyuma, akaninong'oneza, "Chapa nyingi."

Nilirudi Haydom nikaanza kazi. Nikamkata kijana kutoka kwenye ile picha ya zamani, nikamsafisha, nikatoa sampuli, nikamwita mama aje aione. Aliitazama kwa muda mrefu. Nikadhani anatafuta pua kama imepotoka.

"Mbona umemweka mawinguni?" akauliza.

Nikaangalia. Mungu wangu. Mikono yangu ilikuwa imefanya yenyewe, kama ilivyozoea kwa wateja wa hospitali: kingo zimefifia, mwanga unatoka nyuma ya kichwa. Nilikuwa nimemtengenezea mtu pakiti ya kitunguu, na nimemtoa kama marehemu.

"Mtoe huko," mama akasema, taratibu, bila hasira. "Mwanangu anatembea juu ya udongo."

Nikamtoa. Nikamrudishia udongo wake na matuta yake, na hata kivuli chake miguuni. Nilipaka kivuli kile kwa uangalifu kuliko kitu chochote nilichokifanya mwaka ule. Ikabaki namba ya simu ya kuagizia. Mzee hataki simu kabisa, na laini ya mama inashika mtandao akisimama kwenye jiwe moja tu juu ya shamba, tena hakutaka kuongea na wateja wa mjini, anasema wanaongea kama wanakimbizwa. "Weka yako, mwanangu. Watakuagiza wewe, wewe utaniambia." Nafasi ilikuwa ndogo. Juu likakaa jina la kitunguu, katikati kijana anacheka, na chini ya kifua chake, kwa wino mweusi mnene ili wazee wasome, namba yangu.

Pakiti zikaenda. Zilikwenda Arusha, zikaenda Babati, na mama akanipa nyingine niwagawie makondakta, wazishushe kwenye maduka ya njiani, Balangdalalu na kwingineko, hata sehemu ambazo najua hakuna mtu wa kununua unga wa kitunguu saumu. Simu zikaanza. Mmoja aliuliza kama kinatibu presha. Mmoja alitaka mbegu, nikamwambia mbegu haiuzwi, ina historia. Msichana mmoja, sauti tamu, aliuliza kama huyo kaka wa kwenye pakiti ameoa. Nilicheka, kisha nikakata nikabaki nimekaa tu, sina hamu ya kitu.

Halafu ikaja ile simu nyingine. Ilikuwa mchana, namba siijui. "Haloo," nikasema. Kimya. "Haloo, nani mwenzangu?" Kimya, ila siyo kimya cha mtandao mbovu. Kulikuwa na mtu. Nilisikia pumzi, inaingia, inatoka, pole pole. Kisha ikakatwa. Nikapiga, haipatikani.

Ikapigwa tena siku nyingine, na nyingine. Siku zote mchana, siku zote bila neno, na nikipiga mimi, haipatikani. Mwanzoni nilikuwa mkali. Nina ulimi, watu wa stendi wananijua. Nikamwambia kama ni mchezo akacheze na mama yake. Kusikia neno mama likitoka mdomoni mwangu nikashtuka mwenyewe. Mara iliyofuata nilisema taratibu, "Kama ni wewe wa kwenye pakiti, mama yako anakutafuta. Hajakasirika." Pumzi ile ikasimama. Nasema kweli, ilisimama kabisa. Kisha ikakatwa.

Kuanzia hapo sikuwa na raha. Basi likiingia stendi natoka kuangalia madirishani. Nilimwona kwenye mabasi ya kwenda Katesh na kwenye malori ya ng'ombe, nikisogea anakuwa mtu mwingine. Hayo ningeyavumilia. Kilichonitesa ni kazini. Kila mteja aliyeingia na simu mkononi, macho mekundu, akisema dada kuna picha hapa, nilijifanya natafuta kitu mezani kwanza. Nilikuwa naogopa kuitazama ile picha. Kwa sababu kama kijana yule amekufa mahali fulani huku kwetu, njia ya kuja nyumbani inapitia kwangu. Ataingia kupitia mlango huu, ndani ya simu ya mtu asiyenijua, nami nitaambiwa nitoe wa pembeni. Nilikuwa nageuza uso wa marehemu wa watu kwenye kompyuta, nalinganisha sikio, nalinganisha paji la uso, nikihakikisha siyo yeye, na nikishahakikisha nasema asante Mungu, huku ndugu zake wamekaa nyuma yangu wanalia. Hiyo asante iliniumiza.

Mama nilimwambia. Nisingeweza kukaa nalo. Alipanda juu ya jiwe lake akanipigia, nikamweleza kuna mtu anapiga bila kusema. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Anapumuaje?" Nikamwambia pole pole. Akasema, "Ndivyo alivyo. Hata akilala hivyo hivyo." Nikataka kumwambia mama, kila mtu anapumua, lakini nikasema, haya mama. Alifua blanketi la kijana akalianika. Alimpa jirani habari. Kila nikipata ile simu, ilinibidi nimtumie ujumbe, na jioni, anasema, anautoa wakati wa chakula, anamweleza mumewe: leo kapiga tena. Mzee anaendelea kula.

"Ng'ombe akivunjika mguu hurudi zizini," alikuwa ananiambia. "Anajongea huyo. Anaona aibu tu."

Pakiti zikaelekea kuisha. Mwenye duka alichukua zote zilizobaki, biashara ilikuwa nzuri, mtu mwingine angefurahi. Mzee akaenda kwa mchungaji kuulizia siku ya ibada. Mama akanipigia siku hiyo hiyo.

"Njoo na simu yako. Tumpigie pamoja, niongee mimi. Akisikia sauti yangu atajibu. Njoo kabla hawajaweka hiyo siku."

Nikaenda. Tulikaa sebuleni, mimi na yeye, mlango wazi, nje kumetulia. Mama alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Alikuwa amejifunga kilemba, amejipaka mafuta, kwa ajili ya simu. Mzee alikuwa darini juu yetu, anapanga mbegu, tunasikia mbao zikilia akisogea. Laini yangu ni ya mtandao mwingine, inashika hata ndani. Niliweka spika, nikapiga. Nilikuwa najua itasema haipatikani, na nilikuwa nimeshatayarisha maneno ya kumpoza mama.

Ikaita.

Mama akashika kifua kwa mikono miwili. Uso wake ulifunguka, sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukifunguka vile. Ikaita tena, na safari hii tukasikia kitu kingine, kimuziki chembamba cha kitochi, zile simu ndogo za vitufe za bei rahisi, kinalia. Kinalia ndani ya nyumba. Kilikuwa juu ya vichwa vyetu.

Kikazimwa. Na simu yangu ikakata papo hapo.

Mama hakuinua macho. "Piga tena," akasema. Nikapiga tena. Kimuziki kikalia tena darini, katikati ya vitunguu, kikalia mpaka mwisho, hakuna aliyekizima. Kisha ngazi ikaanza kulia. Mzee aliteremka kinyumenyume, hatua baada ya hatua, koti lake limejaa maganda, na mkononi ameshika kitochi, kioo chake bado kinawaka. Yule mzee ambaye sote tulijua hataki simu, aliyesema miaka yote kwamba simu ni ya wenye maneno mengi.

Mama alimnyang'anya. Akakibonyeza bonyeza, hakujua pa kwenda, akanipa mimi. Hakikuwa na jina hata moja. Kilikuwa na namba moja tu, yangu.

Hapo mama alilia. Alimpiga mzee kifuani kwa ngumi, ngumi ndogo, maganda yanaruka, anasema, "Umenifulisha blanketi! Nimeanika blanketi, majirani wananiuliza lini anafika, nawaambia anajongea! Kumbe ni wewe! Wewe unayetaka ibada!" Mzee alisimama akapokea ngumi zote. Hakurudi nyuma.

Na mimi hasira ilinipanda, siwezi kuficha. Miezi ile yote ya kuogopa mlango wangu mwenyewe. "Lakini baba," nikamwambia, na sauti haikuwa ya kumwambia mzee, "ungesema! Mimi nasema haloo, haloo, kama mwehu, wewe unanisikiliza tu. Ungeniambia una neno ningelichukua!"

Akanitazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kunitazama.

"Neno lile siyo la kukupa wewe," akasema. "Ni lake."

Akakaa kwenye kigoda, koti likamfunika magoti.

"Najua ni simu yako. Sijachanganyikiwa. Lakini ile pakiti naiweka hapo juu, namwona amesimama shambani kwangu, anacheka, na namba iko chini yake. Nasema leo nitampigia, nimwambie. Nawasha simu, kama leo, napiga." Akafuta mikono yake kwenye koti, polepole, kama ina udongo. "Kila nikipiga, unapokea wewe."

Nilitamani ardhi inifungukie nishuke. Siwezi kueleza vingine. Nilikuwa nimekasirika, na hasira yote ikawa haina pa kukaa, na nilimhurumia mzee yule mpaka ikaniuma mbavu. Mama alikuwa ameacha kulia. Alivuta kilemba, akajipangusa uso nacho, kilemba cha kanisani, akamtazama mumewe kwa muda ambao mimi nilitumia kusoma kalenda ya ukutani. Kisha akaongea nami, siyo naye.

"Mwanangu. Siku nyingine akipiga, pokea. Ila usiseme kitu."

Mzee aliuchukua ufagio akaanza kufagia maganda yake.

Habari za ibada sikuzisikia tena. Kilichokuja ni ujumbe kutoka kwenye jiwe la mama, kwamba nichape pakiti nyingine na nisibadilishe kitu. Nikatuma faili Arusha, boksi likarudi na basi, nikalipeleka kwa kondakta. Simu za wateja zikaendelea, za presha na za mbegu. Ile namba ikakaa kimya kwa muda mrefu mpaka nikadhani mzee amekitupa kile kitochi. Kijana hajaonekana. Mpaka leo ninapoandika, hajaonekana.

Ilikuwa mchana, wateja wametoka kula. Namba ikatokea kwenye kioo. Nikafunga mlango kwa komeo, nikapokea, nikaweka simu sikioni, nikaubana mdomo wangu kwa kiganja, kwa sababu haloo iko midomoni mwangu kwa mazoea na ilikuwa inataka kutoka.

Alikohoa. Halafu akaita jina, siyo lile la ubatizo, jina la utotoni la Kiiraqw, lugha ya kwao, la mtoto anayefuata miguu ya baba yake shambani. Akaanza kusema. Sehemu kubwa sitaiandika, haikuwa yangu, nilikuwa nimeshika simu tu. Alisema yale aliyoyasema mtaroni ameyachukua, yamerudi kwake, kama kuna wa kuyabeba ni yeye. Alisema mbegu ipo, sehemu yake imetengwa, akitaka kuiuza aiuze. Alisema miguu yake ipate maji kila itakakopita. Kisha nikamsikia akitema mate, yale mate mepesi ya baraka ambayo wazee wanamtemea mtoto kifuani, aliyatema kwenye kitochi, yakaingia sikioni kwangu.

"Umesikia?" akauliza.

Machozi yalikuwa yanapita kwenye vidole vyangu. Nilimsikia anapumua, pole pole, akisubiri ajibiwe. Sikuondoa kiganja mdomoni.

"Umesikia, mwanangu?"

Akangoja. Hakukata. Alingoja mpaka salio likaisha.